Uwanja wa michezo mingi wenye paa linalofunguka: nyasi zitangulie, paa lifuate

Swali: Viongozi wa jiji letu wanafikiria kujenga uwanja mkubwa wa michezo mingi wenye paa linaloweza kufunguliwa na kufungwa. Tunaelezwa kwamba utachezewa kandanda, raga, riadha na mpira wa kikapu, utapokea matamasha ya muziki, na kwamba mvua na jua havitakuwa tatizo tena. Mapaa ya namna hii hufanyaje kazi? Na je, ni kweli kwamba uwanja mmoja ukipata paa kama hilo unaweza kufaa kwa kila jambo?

Jibu: Ndugu msomaji, swali lako limebeba mambo mawili ambayo ningependa kuyatenganisha tangu mwanzo, kwa kuwa huchanganywa mara nyingi, na kuchanganywa huko kumewagharimu sana walipa kodi wa miji kadhaa. La kwanza ni la mitambo: paa zito linawezaje kusogea juu ya vichwa vya maelfu ya watu bila kuleta hatari? Hilo wahandisi wamekwisha kulimudu. La pili ni la matumizi: paa hilo likishajengwa na kusogea vizuri, yaliyo chini yake yatastawi? Hapo ndipo viwanja vingi vimekwama. Msimamo wangu ni kwamba jiji linalotaka uwanja wa aina hii liamue kwanza wachezaji watakanyaga nini, yaani nyasi za aina gani na zitaishije, ndipo lichague paa linalopatana na uamuzi huo. Miji iliyoanza na paa imejikuta ikibandua na kubandika nyasi mwaka baada ya mwaka.

Haja ya kuwakinga watazamaji na jua ni ya kale. Warumi walitandaza vitambaa vikubwa juu ya majukwaa ya Colosseum, uwanja wao mkubwa wa maonyesho mjini Roma, na kazi ya kuvikunjua na kuvikunja walipewa mabaharia, kwa kuwa wao ndio waliozoea kamba na matanga. Paa gumu linalosogezwa kwa mota, hata hivyo, ni jambo la juzi. Civic Arena ya Pittsburgh, nchini Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1961, ilikuwa na kuba la chuma kisichoshika kutu lenye vipande 8, na 6 kati ya hivyo vilizunguka na kujificha chini ya viwili vilivyotulia. Montreal nayo ilijenga uwanja kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976, kwa ramani ya msanifu Mfaransa Roger Taillibert, ambapo paa la kitambaa lilikusudiwa kuinuliwa kwa nyaya kutoka kwenye mnara ulioinama. Michezo ilifika na kupita kabla mnara haujakamilika na kabla paa halijawekwa. Paa hilo, lililoshonwa kwa nyuzi imara sana za plastiki ziitwazo Kevlar, lilianza kazi mwaka 1987, likachanwa na upepo mara nyingi, na mwaka 1998 likaondolewa na kuwekwa jingine lisilosogea. Hilo la pili nalo likapasuka kwa uzito wa theluji Januari 1999. Deni la uwanja huo lilimalizika kulipwa mwaka 2006, miaka 30 baada ya mwenge wa Olimpiki kuzimwa.

Uwanja ulioonyesha kwamba jambo hili linawezekana kwa ukubwa kamili ni SkyDome ya Toronto, ambayo leo huitwa Rogers Centre, uliofunguliwa Juni 1989. Msanifu Rod Robbie na mhandisi Michael Allen waligawa paa katika vipande 4: kimoja hakisogei, viwili huteleza kwa mstari ulionyooka, na cha nne huzunguka kufuata ukingo wa duara hadi vyote vikapangana upande mmoja. Paa zima lina uzito wa takriban tani 11,000 na hufunguka kwa muda wa dakika 20 hivi. Mpaka leo, karibu kila paa gumu linalosogea linatumia kanuni zilezile, ingawa maumbo yametofautiana sana.

Kwa mhandisi, paa la aina hii liko karibu zaidi na kreni ya bandarini kuliko na paa la jengo la kawaida. Vipande vyake vimebebwa na magari madogo ya chuma yenye magurudumu, yanayokwenda juu ya reli zilizofungwa kwenye matao au kwenye boriti kubwa zinazozunguka majukwaa. Mota za umeme huyasukuma magari hayo, breki huyashikilia, na vihisi hupima wakati wote iwapo upande mmoja umetangulia kuliko mwingine. Kupima huko si jambo dogo: kipande chenye upana wa makumi ya mita, kikitangulia kwa upande mmoja hata kwa kiasi kidogo, hujikwamisha kwenye reli zake na kusukuma nguvu kubwa pembeni, mahali ambapo jengo halikuandaliwa kuipokea. Ndiyo maana kompyuta inayoendesha paa huwa na mamlaka ya kulisimamisha lenyewe, bila kusubiri mtu abonyeze kitufe.

Pale ambapo paa linapanda mteremko, magurudumu peke yake hayatoshi. Katika AT&T Stadium ya Arlington, Texas, iliyofunguliwa mwaka 2009, vipande viwili vya paa hukutana kileleni juu ya matao mawili ambayo kila moja lina urefu unaokaribia mita 370, na hupanda na kushuka kwa meno ya chuma yanayong'ata meno ya reli, hivyo hata umeme ukikatika haviwezi kuporomoka. Kufunguka kwake huchukua takriban dakika 12. Mercedes-Benz Stadium ya Atlanta, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina vipande 8 vilivyopangwa kama petali za ua. Mtazamaji huona kana kwamba vinazunguka, kumbe kila kimoja kinakwenda kwa mstari wake ulionyooka. Umbo hilo linavutia mno, lakini lilidai kazi nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na katika msimu wa kwanza wa uwanja paa lilibaki limefungwa kwa karibu muda wote kwa sababu mitambo yake ilikuwa bado haijakamilika.

Kuna maadui watatu ambao mbunifu wa paa la kusogea lazima awakabili kabla ya kuchora chochote. Joto hurefusha chuma, kwa hiyo umbali kati ya reli mbili zinazotazamana hubadilika kutoka asubuhi hadi alasiri, na upande mmoja wa magari ya magurudumu lazima uachiwe nafasi ya kupokea badiliko hilo bila kujikaza. Upepo huweza kuliinua paa kama unavyoweza kulikandamiza, na paa lililofunguka nusu hupokea upepo kwa namna tofauti na lililofungwa kabisa; kwa hiyo kila uwanja huwa na kiwango cha upepo ambacho kikizidi, paa haliruhusiwi kusogea hata kidogo. Watu wengi hawalifahamu hilo, na ni muhimu walifahamu: dhoruba ikishafika, muda wa kufunga umekwisha kupita. Adui wa tatu ni maji, kwa maana kila kiungo kati ya vipande viwili vinavyosogea ni mlango wa kuvuja, na mpira wa kuzibia huchakaa kila paa linapotembea.

Mapaa ya kitambaa yana tabia zake. Ni mepesi, hukunjwa katikati ya uwanja kwa nyaya na winchi, na gharama yake ya chuma ni ndogo kwa kuwa hakuna vipande vizito vya kubeba. Uwanja wa Taifa wa Warsaw nchini Poland, ule wa Frankfurt nchini Ujerumani na BC Place ya Vancouver tangu mwaka 2011 hutumia njia hiyo. Ila kitambaa kinapokunjuliwa huku mvua ikinyesha hukusanya maji katika mikunjo kabla hakijakazwa, na uzito wa maji hayo unaweza kukichana. Oktoba 2012, Poland ilikuwa icheze na Uingereza mjini Warsaw katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Paa liliachwa wazi, mvua kubwa ikanyesha, na kulifunga wakati huo haikuruhusiwa kiusalama. Eneo la kuchezea likawa bwawa, na mechi ikaahirishwa hadi siku iliyofuata, ingawa uwanja wenyewe ulikuwa mpya kabisa na wenye paa. Frankfurt, katika fainali ya Kombe la Mabara ya mwaka 2005 kati ya Brazil na Argentina, paa lilikuwa limefungwa, lakini maji yalipata upenyo na kumiminika kwa wingi pembeni mwa uwanja mechi ikiendelea. Sitoi mifano hii kuvidharau viwanja hivyo, ambavyo ni kazi nzuri za uhandisi. Naitoa kwa sababu inaonyesha kwamba paa ni mtambo wenye masharti, na masharti hayo lazima yajulikane kwa wanaopanga mechi.

Sasa nifike kwenye nyasi, ambazo kwa maoni yangu ndizo kiini cha swali lako.

Mwaka 1965 jiji la Houston lilifungua Astrodome, ukumbi mkubwa wa besiboli wenye kuba lisilofunguka. Wabunifu hawakuwa wazembe: waliweka vioo vya plastiki juu ili mwanga upite, na nyasi zikapandwa kwa matumaini. Tatizo likatokea mahali ambapo hawakulitarajia. Mng'aro wa vioo hivyo uliwanyima wachezaji uwezo wa kuuona mpira ukiwa hewani, hivyo vioo vikapakwa rangi, na nyasi zilipokosa mwanga zikafa. Mwaka uliofuata ziliwekwa nyasi bandia, zilizopewa jina la AstroTurf kutokana na uwanja huo. Paa linalofunguka lilionekana kuwa jibu kamili la mkasa huo: fungua nyasi zipate jua, funga watu waepuke mvua. Kwenye karatasi hoja hiyo haina kasoro.

Uwanjani mambo huwa tofauti. Paa likifunguliwa, tundu linalobaki mara nyingi si kubwa kuliko eneo la kuchezea lenyewe, na pembeni mwake sehemu isiyosogea ya paa huendelea kuyafunika majukwaa. Jua linapokuwa utosini, mwanga hutua kwenye nyasi; linapoinama asubuhi na alasiri, hutua kwenye viti. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, jua la majira ya baridi halipandi juu kabisa, hivyo upande mmoja wa uwanja unaweza kukaa kivulini kwa wiki nyingi mfululizo hata kama paa liko wazi siku zote. Mwanga, tena, ni nusu tu ya tatizo. Majukwaa marefu yanayozunguka uwanja huziba upepo, umande haukauki mapema, na ukungu unaoshambulia majani hupata makazi. Uwanja wa Amsterdam uliofunguliwa mwaka 1996, ambao sasa huitwa Johan Cruijff ArenA, ulikuwa miongoni mwa viwanja vya kwanza vya kandanda barani Ulaya kuwa na paa la kusogea, na ukafahamika vilevile kwa nyasi zilizokuwa zikibadilishwa mara kwa mara katika miaka yake ya mwanzo.

Singapore ilipata somo hilohilo katika hali ya hewa ya joto. Uwanja wake wa Taifa, uliofunguliwa mwaka 2014, una kuba lenye upana wa zaidi ya mita 300 bila nguzo katikati, na paa la kusogea lililofunikwa kwa plastiki angavu iitwayo ETFE. Oktoba mwaka huohuo Brazil na Japani zilicheza hapo huku nyasi zikiwa zimekonda na mchanga ukionekana, na lawama zikasikika dunia nzima. Mwaka uliofuata uwanja huo ulibadilisha aina ya nyasi na namna ya kuzitunza. Ninachotaka ukione hapa ni kwamba fedha, utaalamu na nia njema vyote vilikuwepo. Kilichopungua kilikuwa muda wa nyasi kuota kati ya tukio moja na jingine, na mwanga wa kutosha wa kuziotesha.

Kuna njia kadhaa za kutoka katika shida hiyo. Ya kawaida kabisa ni kuweka taa kubwa za kukuzia mimea, zilizofungwa kwenye mikokoteni inayosogezwa juu ya nyasi kwa saa nyingi kila siku ya mapumziko, pamoja na mafeni ya kupitisha hewa. Taa hizo hula umeme mwingi, na gharama yake haikomi. Njia nyingine ni nyasi mseto, ambapo nyuzi za plastiki hushonwa ardhini ili mizizi izikumbatie na udongo usibomoke. Nyuzi hizo huimarisha uso wa kuchezea, ila haziondoi haja ya mwanga, jambo ambalo wauzaji wake hawalisemi kwa sauti kubwa. Zaidi ya hapo, kuna wanaoamua kuyahamisha malisho yenyewe, yaani kuiweka nyasi yote juu ya sinia kubwa na kuitoa nje ya uwanja ili iishi juani. Uwanja wa GelreDome mjini Arnhem, Uholanzi, ulifanya hivyo mwaka 1998. Ule wa Gelsenkirchen, Ujerumani, ukafuata mwaka 2001 kwa sinia lenye uzito wa takriban tani 11,000. Na Marekani, uwanja wa Glendale, Arizona, uliofunguliwa mwaka 2006, una paa linalofunguka pamoja na sinia la nyasi linalotoka nje kwa muda unaozidi saa moja.

Naliona suluhisho la sinia kuwa la uaminifu kuliko yote, kwa sababu linakiri kwamba nyasi ni kiumbe hai na linaipa mahali pa kuishi. Nyasi zikiwa nje, sakafu ya saruji hubaki ndani, na tamasha au maonyesho ya biashara yanaweza kuwekwa bila kukanyaga hata jani moja. Kikwazo chake ni ardhi: ni lazima pawepo nafasi tupu nje, yenye ukubwa wa kiwanja kizima, isiyojengwa kitu kamwe. Katikati ya jiji nafasi hiyo haipatikani. Santiago Bernabéu ya Madrid, iliyobanwa na mitaa pande zote, ililazimika kuchimba ghala refu chini ya ardhi ambamo nyasi, zikiwa zimegawanywa katika vipande virefu, hushushwa na kutunzwa kwa taa na hewa ya mitambo. Ni kazi ya kushangaza, na gharama yake inalingana na mshangao huo.

Ukishaelewa nyasi, mengine yanayohusu paa lililofungwa hueleweka kwa urahisi zaidi, kwa kuwa yote ni habari ya hewa. Uwanja wa kati wa Wimbledon ulipata paa la kukunjwa mwaka 2009. Kulifunga huchukua takriban dakika 10, lakini mchezo hauanzi papo hapo, kwa sababu mitambo lazima kwanza iondoe unyevu ambao pumzi na joto la watazamaji huuacha juu ya nyasi. Katika uwanja wa watu 50,000 au zaidi, kazi hiyo ni kubwa mara nyingi. Moshi nao lazima upate pa kutokea: uwanja ulio wazi huutoa moshi wenyewe, ilhali uliofungwa hugeuka kuwa ukumbi mmoja mkubwa ambamo moshi hukusanyika juu, hivyo mafeni ya kuutoa, milango ya dharura na muda wa kuwaondoa watu vyote hukokotolewa upya paa likiwa limefungwa. Upoozaji wa hewa hufanyika vizuri pale tu hewa baridi inapotolewa karibu na watazamaji, kama Singapore inavyofanya kupitia chini ya viti, badala ya kujaribu kulipooza kuba zima.

Sauti ni jambo ambalo wanaopanga matamasha hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Paa gumu hurudisha mwangwi, na paa ambalo halikujengwa kwa kuzuia sauti huwaachia majirani kelele zote. Madrid, licha ya paa jipya la Bernabéu, matamasha yalisimamishwa mwaka 2024 baada ya malalamiko ya wakazi wa jirani. Ikiwa jiji lenu linategemea mapato ya muziki, basi uzito wa vifaa vya kuzuia sauti, pamoja na uzito wa taa na spika ambazo wanamuziki hutaka kuzining'iniza, lazima uingie katika hesabu za paa tangu mchoro wa kwanza. Hauwezi kuongezwa baadaye.

Kuhusu matarajio kwamba uwanja mmoja utafaa kwa kila mchezo, nasikitika kusema kwamba paa halina mchango wowote hapo. Kinachoamua ni umbo la sakafu. Kandanda na raga huchezwa kwenye mstatili na hupendeza pale mashabiki wanapokaa karibu na mstari. Njia ya kukimbilia ya mita 400 huwasukuma mbali. Kriketi inataka duara pana. Mpira wa kikapu hupotea kabisa katikati ya eneo la ukubwa huo. Wanaofanikiwa kuunganisha michezo hii husogeza viti. Singapore ina majukwaa ya chini yanayosogea mbele kwa kandanda na kurudi nyuma kwa riadha na kriketi. Uwanja wa Pierre-Mauroy karibu na Lille, Ufaransa, uliofunguliwa mwaka 2012, una ufumbuzi ninaoupenda sana: nusu ya eneo la kuchezea huinuliwa na kuteleza juu ya nusu nyingine, na chini yake hujitokeza ukumbi wa ndani wenye viti vyake, ambao ulitumika kwa fainali ya mashindano ya mpira wa kikapu ya Ulaya mwaka 2015 na kwa mpira wa mikono katika Olimpiki ya 2024. Huko walianza na swali la nini kitachezwa, na paa la kusogea likawa sehemu moja tu ya jibu.

Linganisha na Toronto. SkyDome ilipofunguliwa ilisifiwa kwa kuwa ingetosheleza besiboli, kandanda ya Kanada (mchezo wa kubeba mpira mikononi, unaokaribiana na raga), matamasha na mikutano. Gharama yake ilikuwa karibu dola milioni 570 za Kanada. Mwaka 2004 jengo liliuzwa kwa dola milioni 25 za nchi hiyo. Timu ya kandanda ya Kanada ilihama baada ya msimu wa 2015, na katika ukarabati uliokamilika mwaka 2024 majukwaa ya chini yalijengwa upya yakielekezwa kwenye besiboli peke yake. Paa linaendelea kufanya kazi yake vizuri. Kilichoshindikana ni ule mchanganyiko wa matumizi, kwani kiti kinachotazama vizuri mchezo mmoja hutazama vibaya mwingine, na mashabiki hawakukubali kuvumilia hilo milele.

Ungeweza kuuliza, basi, kama ni lazima paa lifunguke. Mara nyingi jibu langu huwa hapana. Dunedin, New Zealand, ilifungua mwaka 2011 uwanja wenye paa lisilosogea la ETFE angavu, na chini yake hukua nyasi za asili zinazochezewa raga. Minneapolis, ambako paa la zamani lililoshikiliwa kwa shinikizo la hewa liliporomoka kwa theluji Desemba 2010, ilifikiria paa la kusogea kwa uwanja wake mpya, kisha ikachagua paa tulivu lenye upande angavu pamoja na milango mikubwa sana ya vioo inayofunguka. Uwanja huo ulianza kutumika mwaka 2016. Paa tulivu na angavu halihitaji reli, mota wala mafundi wa kulisimamia, na mwanga hupita humo siku zote. Paa la kusogea lina haki yake pale ambapo mwaka una siku nyingi ambazo ni raha kukaa chini ya anga na siku nyingi nyingine ambazo haiwezekani kabisa kucheza nje, na pale ambapo kalenda ya uwanja imejaa kiasi cha kwamba tukio moja kuahirishwa ni hasara kubwa. Zikikosekana sharti hizo mbili, kufunika majukwaa na kuliacha eneo la kuchezea wazi kunatosha, tena kwa gharama ndogo sana.

Jambo la mwisho ni matunzo, na hapa naomba uwe mkali unapowauliza viongozi wenu. Uwanja wa Toyota nchini Japani, uliofunguliwa mwaka 2001 na paa la kukunjwa la aina ya pekee, uliacha kulitumia mwaka 2015 kwa sababu ya mzigo wa gharama za kulitunza. Uwanja wa besiboli wa Milwaukee, nao wa mwaka 2001, ulilazimika kubadilisha magari ya magurudumu ya paa lake kabla haujatimiza miaka 7. Vipuri vya mitambo hii hutengenezwa kwa agizo, na mafundi wanaoijua ni wachache duniani.

Waulizeni kwanza mchoro wa mwanga wa jua juu ya eneo la kuchezea kwa kila mwezi wa mwaka, paa likiwa wazi na likiwa limefungwa, na jina na cheo cha mtu atakayewajibika kwa nyasi. Waulizeni ni matukio mangapi yatawekwa juu ya nyasi hizo kwa mwaka, na zitapumzika siku ngapi kati ya tukio moja na jingine. Waulizeni ni nani mwenye kauli ya mwisho ya kufunga paa siku ya mechi, saa ngapi kabla ya mchezo, na upepo ukiwa wa kasi gani atakatazwa. Bajeti ionyeshe fungu la matengenezo ya paa kwa miaka yote ya uhai wa jengo, likiwa limetengwa peke yake ili lisimezwe na matumizi mengine. Na katika mkataba na mkandarasi, wekeni sharti kwamba paa lifunguliwe na kufungwa mara nyingi mfululizo, katika joto la mchana na katika ubaridi wa alfajiri, likiwa na maji juu yake ikiwa ni la aina inayoruhusu, kabla ya sehemu ya mwisho ya malipo kutolewa.